Kiraka Kisichoziba Tundu

Mtu akitaka kuitaja kwa Kiswahili ile sanaa ya kukata mabaki ya vitambaa kwa kipimo kimoja, kisha kuviunga vipande hivyo kwa sindano hata vikawa nguo mpya yenye nakshi zake, aghalabu neno la kwanza kumjia ni kiraka. Na wengi wa wanaofundisha kushona huona haya kidogo kulitamka, kwa kuwa kiraka katika mazungumzo ya kila siku ni jambo la suruali iliyochanika gotini, ni dalili ya uhaba, wala hakuna apendaye kumkaribisha mgeni wake aegemee mto ulio dalili ya uhaba. Ndiyo maana baadhi yao husema mto wa vipande, na wengine mto wa mabaki, jina ambalo kwa maoni yangu limezidi kuharibu, maana msikiaji hudhani anapewa kitu kilicholala tangu jana.

Rai yangu ni kwamba kiraka ndilo neno, na kwamba aibu tunayolivika haikuzaliwa nalo. Asili yake ni ruqa ya Kiarabu, nayo kwa wenyewe Waarabu ni kipande cha nguo kinachotiwa penye tundu, naam, lakini ni pia karatasi ndogo ya kuandikia, na hata ubao wa kuchezea sataranji huitwa kwa jina hilo hilo. Na mwenye kuutazama ubao huo, jinsi miraba yake ilivyopakana, mweupe kwa mweusi, ameshauona mto wetu kabla haujashonwa. Huko Sudani, Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, aliwaamuru wafuasi wake wavae kanzu za viraka kwa ajili ya unyenyekevu na kuipa dunia kisogo. Lakini haikupita miaka mingi viraka hivyo vikawa vya rangi, vimepangwa kwa ulinganifu kulia na kushoto, juu ya nguo iliyo nzima kabisa, hata vikageuka kuwa sare ya jeshi. Kiraka, basi, kiliwahi kuvaliwa kwa fahari pasipo tundu lolote la kuziba. Na hapa kwetu watangazaji wa mpira humwita kiraka mchezaji anayeweza kupangwa beki leo na kiungo kesho, nao hawakusudii kumtukana.

Illa neno moja halitoshi kwa kazi tatu zilizo mbalimbali, na hapo ndipo wapenda istilahi hukimbilia kubuni majina mapya, ilhali vitenzi tulivyo navyo vyatosha. Kutia kiraka ni kutengeneza: pana tundu, nalo linazibwa. Kubandika kiraka ni kupamba: nguo ya chini ni nzima, na kipande kimewekwa juu yake kwa umbo la ua au la nyota, kikashonwa ukingoni pande zote. Kuunga viraka ni jambo la tatu, kwa sababu chini hamna nguo. Kiraka kimepakana na kiraka, mshono ndio mpaka wao, na ukiufumua mshono hubaki na rundo la vipande mkononi. Anayetaka nomino na aseme uungaji wa viraka, na kilichotoka humo akiite nguo ya viraka vya kuunga. Ni maneno matano, najua, na watunga kamusi hupenda moja. Lakini fundi akiyasikia haulizi swali la pili.

Wala kuunga si jambo geni pwani. Inasimuliwa Mombasa na Unguja kwamba katika karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijatenganishwa katika jora lake, wakakata tatu na tatu nyingine, wakaziunga ubavu kwa ubavu wakapata vazi moja la safu mbili. Na leso lenyewe ni neno la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Baadaye wafanyabiashara wakaichapa nguo nzima kwa mara moja, na mshono ukatoweka. Kanga, kwa hiyo, mzazi wake ni nguo ya kuunga.

Amma kazi yenyewe, tuchukue mto wa kuegemea wenye sentimita 40 kila upande, utakaoungwa kwa miraba 16, safu nne za minne minne, kila mraba ukionekana sentimita 10. Asiyezoea hukata 10 kamili, naye ataupata mto wa sentimita 32, kwa kuwa kila mraba umemezwa sentimita moja kila upande na mshono. Basi akate 12, kwa kigezo cha karatasi ngumu, kisha kwa upande wa ndani wa kitambaa apige mstari wa penseli sentimita moja kutoka ukingoni, na mstari huo ndio njia ya sindano. Vipande viwili vikabiliane nyuso zake za nje, uzi ufungwe fundo, na bandi zipigwe za karibu karibu, tatu au nne katika kila sentimita, na baada ya chache sindano irudi nyuma hatua moja ili uzi ukikatika mahali pamoja usiachie mshono mzima. Safu ya kwanza ipigwe pasi kingo zake zilalie kulia, ya pili zilalie kushoto, kwa maana zikilala upande mmoja zitapandana penye makutano na kufanya kinundu ambacho shavu la mlalaji halitakosa kukijua.

Lililo zito zaidi ni mwelekeo wa nyuzi. Kitambaa kilichokatwa sambamba na mtande au mshindio hutulia, bali kilichokatwa hanamu huvutika. Na mabaki ya fundi cherehani, hasa yatokayo kwenye makwapa na mashingo, yamejaa hanamu. Mraba uliokatwa hanamu ukiungwa na mwenziwe uliokatwa sawasawa hujikunja baada ya kufuliwa mara moja, na lawama hupewa sindano isiyo na hatia. Kanga mpya nayo ifuliwe kwanza peke yake, isije ikachuja juu ya bafta nyeupe.

Kuna kazi moja inayoutikisa mgawanyo wangu. Wasidi wa Karnataka, Uhindini, ambao baadhi ya wahenga wao walitoka Afrika ya Mashariki, hushona kwa mkono mablanketi ya mabaki wayaitayo kawandi: huanzia pembeni, juu ya sari kuukuu, wakiongeza kipande baada ya kipande, wakizunguka ukingoni na kuingia ndani hata wakafika katikati, kwa bandi zilizo wazi machoni; na pembe nne huzimaliza kwa vipande vidogo waviitavyo phula, yaani maua. Je, huku ni kuunga au kubandika? Viraka vimeifunika sari yote, hata haionekani kwa juu. Lakini bado ipo, nayo ndiyo inayobeba, basi mimi nakuita kubandika, ingawa sitagombana na atakayesema vinginevyo.

Uso wa mto ukiisha kuungwa, utiwe bitana ya bafta kwa ndani, kwani kingo za mishono zikisuguliwa na mto huchambuka nyuzi. Nyuma ya foronya hakuhitaji viraka: vipande viwili vya kaniki vipandane kiasi cha sentimita 10 katikati, mto upenyezwe hapo pasi na vifungo, na siku ya kufua utolewe, kwa kuwa sufi ikilowa hugandamana madonge, na kuichambua tena ni kazi ya kutwa nzima.