Kisu cha Omobari na Seti za Thieta

Kabla Hospitali ya Kisii haijaanza mwaka 1916, Abagusii wa Kenya walikuwa tayari na wapasuaji wao. Mtu aliyepigwa rungu kichwani, akabaki na maumivu yasiyokoma, alipelekwa kwa omobari. Mganga huyo aliichana ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu taratibu kwa chuma kilichofuliwa kwa kazi hiyo, akijihadhari asiutoboe utando unaofunika ubongo. Hayo si masimulizi ya jikoni. Mwandishi aitwaye Grounds aliyaandika mwaka 1958 katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki, Edward Margetts akayachapisha kwa kirefu mwaka 1967, na hata katika miaka ya 1980 watafiti waliwakuta ababari, yaani wapasuaji hao, wakiendelea na kazi, wagonjwa wao wengi wakiwa hai.

Walioandika habari zao wamestaajabia ujasiri wa mkono. Mimi navutwa zaidi na vyombo. Omobari alikuwa na zana chache, tena zake mwenyewe. Alijua ni kipi kilichopoteza makali, na ni kipi kilichotumika kwa mgonjwa wa mwisho. Swali la nani alikiosha chombo halikuwa na mahali pa kuzuka, kwa sababu aliyekata ndiye aliyeosha na ndiye aliyehifadhi. Kumbukumbu yote ilikaa katika kichwa kimoja, na jamaa za mgonjwa walijua ni nani wa kuulizwa.

Magharibi ya hapo, katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, msafiri Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 mama akipasuliwa ili mtoto atolewe. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha tumbo la mama kwa pombe hiyohiyo, na mishipa iliyovuja ikachomwa kwa chuma chekundu. Kidonda kilifungwa kwa misumari ya chuma iliyosuguliwa vizuri. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mtoto walikuwa wazima. Mwaka huohuo, Ufaransa, Charles Chamberland alikuwa akitengeneza otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo ambacho leo hakuna thieta inayoweza kufanya kazi bila kizazi chake. Bunyoro walikuwa na pombe na moto, Paris wakawa na mvuke. Wote walikuwa wakipigana na adui mmoja, ingawa ni upande mmoja tu uliokuwa umeanza kumwona kwa hadubini.

Sasa tuingie hospitalini. Seti ya vyombo vya kumpasulia mama mjamzito hutoka thieta ikiwa na damu, ikaloweshwa, ikasuguliwa, ikakaguliwa na kuhesabiwa, ikafungwa, ikatiwa katika otoklevu kwa nyuzi 134, ikakaa rafuni, kisha ikarudi thieta. Huenda kila hatua ikawa na mtu wake, na zamu hubadilika katikati. Ule ujuzi uliokaa katika kichwa kimoja cha omobari umegawanywa kwa watu sita au saba ambao pengine hawaonani. Mkanda ulioshikizwa juu ya kifurushi ukibadilika rangi hutuambia kwamba kifurushi kimepita katika joto. Hautuambii kama mvuke ulifika ndani ya bawaba ya koleo. Kipimo cha vijidudu sugu ndicho kinachoonyesha kama vijidudu vilikufa, na jibu lake huweza kuja wakati vifurushi vya mpakio ule, yaani vilivyotiwa pamoja katika otoklevu, vimekwisha kutumika.

Hapo ndipo linapotokea swali ambalo omobari hakuulizwa kamwe: seti zipi zilikuwa ndani ya mpakio ule, na zilitumika kwa nani? Mwaka 2002, katika Hospitali Kuu ya Middlesbrough, Uingereza, vyombo vilivyotumika katika ubongo wa mgonjwa vilikwenda kwa wengine kabla haijathibitika kwamba alikuwa na ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao mvuke wa kawaida hauushindi kwa uhakika. Wagonjwa 24 ikabidi waambiwe kwamba huenda wamehatarishwa. Hiyo ni nchi tajiri, na mashine hazikukosekana.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari tunalolihitaji hapa ni jepesi: namba ya seti, namba ya otoklevu, namba ya mpakio, saa, joto lililofikiwa, jina la aliyefunga, na mwishowe namba ya faili la mgonjwa. Hospitali zenye fedha huchora alama juu ya kila mkasi na kuisoma kwa skana. Ni jambo zuri, lakini si la kulisubiri. Kalamu na rejista zinaweza kubeba mambo hayo saba.

Faida yake haiishii kwenye kumtafuta mgonjwa aliyehatarishwa. Takwimu za miezi michache zitaonyesha seti ipi inazungushwa mara tatu kwa siku huku nyingine ikilala rafuni, koleo lipi linarudi kwa fundi kila mara, na mipakio mingapi ilikatizwa umeme ulipopotea. Kwa maoni yangu, kwa hospitali ya rufaa ya kaunti kama ile ya Nyamira, faida hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Seti zikiwa chache watu huharakisha, na haraka ndiyo inayoacha damu ndani ya bawaba. Msimamizi akiingia katika kikao cha bajeti na rejista mkononi, akaonyesha kwamba seti nne zinafanya kazi ya nane, hawezi kuambiwa kwamba analalamika tu.

Nisieleweke kwamba namtamani omobari arudi. Kumbukumbu yake ilizikwa pamoja naye, na hakuna aliyeweza kuikagua. Lakini uwajibikaji wake ulikuwa na uso, na sisi tulipoupata mvuke tuliupoteza uso huo katika zamu na makabati. Wakuu wa afya wa Kisii na Nyamira, anzeni na jambo moja: agizeni namba ya mpakio iandikwe katika faili la kila mama anayepasuliwa, kabla hajatoka thieta.