Miguu Iliyovimba: Ugonjwa Uliokosewa Jina

Leo tunaangalia historia ya ugonjwa wa miguu ambao kwa miaka mingi uliitwa kwa majina yasiyo yake.

Mgonjwa huanza kwa kuwashwa na kuhisi moto kwenye nyayo. Baadaye mguu unavimba, ngozi inakuwa nene na ngumu, vinundu vinaota. Majirani walisema amerogwa. Wengine walisema ni ukoma, wakamkimbia. Wengine walisema ni ugonjwa wa ukoo, kwa kuwa ndugu wa nyumba moja waliupata. Hata hospitalini wengi waliambiwa ni matende, yaani ugonjwa wa minyoo inayosambazwa na mbu. Lakini dawa ya minyoo haikuwaponya.

Katika miaka ya 1970, daktari Mwingereza Ernest Price alikuwa akifanya kazi Ethiopia. Alichunguza tezi za kinena za wagonjwa hawa, akakuta chembe ndogo sana za udongo. Wengi wao walikuwa wakulima wa nyanda za juu, wanaotembea peku kwenye udongo mwekundu wa volkano. Chembe hizo hupenya ngozi ya mguu na kuharibu mishipa inayorudisha maji mwilini. Ugonjwa ukapewa jina podokoniosisi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mguu na vumbi.

Waliosema ni wa ukoo hawakukosea kabisa: baadhi ya familia huzaliwa na miili inayodhurika upesi zaidi. Lakini bila udongo huo, ugonjwa hauji. Na hauambukizi.

Mwaka 2015, huko Kamwenge, magharibi mwa Uganda, wilaya yenye makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja, watu walidhaniwa kuwa na matende. Vipimo havikuonyesha minyoo. Wachunguzi wakauliza: Unalima ukiwa umevaa viatu? Unanawa miguu saa ngapi? Ikaonekana kwamba waliolima peku, na waliosubiri hadi jioni ndipo wanawe, walikuwa katika hatari zaidi.

Ndugu msikilizaji, hadi leo hakuna kipimo cha damu cha kuutambua ugonjwa huu. Mhudumu wa afya huutambua kwa kuuliza na kuangalia. Uvimbe ulianzia kwenye wayo? Umekaa chini ya goti? Mgonjwa bado anahisi akiguswa mguuni? Mwenye ukoma mara nyingi hupoteza hisia hiyo. Kwa hiyo ukienda kliniki, usionyeshe mguu tu. Eleza ulikolima kabla ya kukimbia, na kama ulikuwa na viatu.

Ukianza mapema, kunawa kwa maji na sabuni kila siku, kukausha vizuri, kupaka mafuta na kuvaa viatu vilivyofunika mguu hupunguza uvimbe. Mtoto akivaa viatu tangu mdogo, anakingwa.

Na jirani mwenye miguu hiyo, msalimie kwa mkono. Mketi pamoja, mle pamoja. Alichokipata ni udongo wa shamba lake.