Sheha na Watu Wanne

Maneno nayo, kama watu, hupanda daraja na hushuka. Katika visiwa vya Unguja na Pemba yapo mawili ambayo yamepitia mashuko ya kusikitisha. La kwanza ni sheha. Kisiwani Tumbatu, katika zama za kale, Sheha alikuwa mtawala mwenyewe, mwenye kiti na amri. La pili ni diwani. Huko Pemba madiwani walikuwa ndio mabwana wa nchi, kila mmoja na upande wake, kabla ya dola ya Maskati kutia nanga. Leo sheha ni mtu anayefuatwa kwa ajili ya barua na mhuri, na diwani ni mtu anayeulizwa kwa nini taka hazijazolewa. Wapenzi wa tungo wanalijua neno diwani kwa maana nyengine, mkusanyo wa mashairi ya mtunzi mmoja, na huenda ni humo tu ndimo lilimobakia na heshima yake yote.

Kushuka kwa maneno haya kunafuatana na manung'uniko ambayo hakuna baraza lisiloyajua. Sheha hapatikani. Sheha ana watu wake. Sheha anajua nani ni nani, na kwa hivyo barua ya huyu hutoka asubuhi na ya yule haitoki hata mwezi ukiandama mara mbili. Mwisho wa yote husemwa neno moja lililo zito kuliko mengine: sheha kawekwa. Mwenye kulisema neno hilo huwa anakusudia kwamba hapo zamani sheha alikuwa mtu wa mji, aliyetokana na wenziwe, kisha siasa ikaja ikampora. Dhana hiyo ni tamu, lakini historia haiiungi mkono. Sheha wa Unguja, tangu alipoanza kujulikana katika kumbukumbu za utawala, alikuwa mtu wa kuwekwa. Kilichokuwa cha watu kilikuwa kitu chengine kabisa, na hicho ndicho kilichopotea bila ya kuliliwa.

Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, kama vile Makunduchi, Kizimkazi, Jambiani na Bwejuu, makaazi ya watu yaliitwa mji, hata yawe madogo namna gani. Kila mji ulikuwa na wazee wake wa shauri waliojulikana kwa jina la watu wanne. Hawa walitokana na koo za mji, na koo zenyewe ndizo zilizowatambua. Mambo yao yalikuwa ni yale yanayomgusa mtu mlangoni pake: nani ana haki ya kujenga katika kiambo, nani alime wapi katika ardhi ya maweni, mgeni apokewe au asipokewe, ugomvi wa mipaka na wa ndoa umalizwe vipi kabla haujafika kwa kadhi. Pembeni mwao alikuwepo mvyale, mwenye kujua mizimu ya mahali na siku za kufungulia ardhi. Hapana hata mmoja kati yao aliyelipwa mshahara, wala aliyekuwa na askari wa kumtuma.

Sheha alikaa katika mji huohuo, lakini kamba yake ilifungwa kwengine. Alikuwa mjumbe wa Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu ambaye makao yake ya mwisho yalikuwa Dunga. Kazi ya sheha ilikuwa kukusanya kodi, kupeleka amri, na kurudisha habari. Kwa hivyo mji ulikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama kwa mkubwa, na hapo alisimama sheha; wa pili ulitazama ndani, na hapo walikaa watu wanne. Sheha alipotaka jambo litendeke, ilimlazimu apite kwao, kwani wao ndio waliokuwa na masikio ya watu. Na watu wanne walipotaka jambo lifike Dunga, walimwambia sheha. Kila upande ulijua mwenziwe ni nani na anatumikia nini, na hapakuwa na mtu aliyemlaumu sheha kwa kuwa mtu wa mkubwa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Isidhaniwe kwamba mpango huo ulikuwa pepo ya duniani. Watu wanne walikuwa wazee wa koo zenye asili ya mahali. Mtumwa hakuwa na sauti mbele yao, mgeni alisubiri miaka, na vijana walisikiliza kuliko walivyosema. Lakini walikuwa na sifa moja ambayo haikurudi tena kwa ukamilifu wake katika utawala wa vijiji: waliishi na matokeo ya hukumu zao. Mzee aliyependelea leo alikutana na aliyedhulumiwa kesho kisimani, msikitini na mazikoni, na hakuwa na mahala pa kukimbilia.

Pemba nayo inatoa somo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 kisiwa kilikuwa chini ya Mazrui wa Mombasa, na baadhi ya madiwani, walipochoshwa nao, wakaelekea Maskati kuomba msaada. Msaada ukaja. Mazrui wakaondolewa, na aliyewaondoa akabaki. Madiwani waliotaka kumtoa bwana mmoja wakampata mwengine aliye mbali zaidi, na vyeo vyao vikaanza kuwa majina tu. Tangu hapo tabia hii imejirudia mara nyingi katika siasa za visiwani: penye mzozo wa nyumbani, hutafutwa nguvu ya nje, na nguvu ya nje haijui kuondoka.

Huko Unguja, Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake katika karne hiyohiyo, hakumng'oa Mwinyi Mkuu. Alimwacha na heshima zake pamoja na kazi ya kukusanya kodi, ambayo sehemu yake iliishia katika hazina ya Sayyid. Muhammad bin Ahmad, Mwinyi Mkuu aliyejenga kasri ya Dunga, alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmad alimfuata mwaka 1873, na baada yake hapakuwekwa mwengine. Bwana wa masheha akawa ametoweka, lakini masheha wenyewe wakabakia. Sasa walikuwa wa Sayyid Barghash, na kodi iliendelea kupita njia ileile.

Uingereza ilipoweka himaya yake mwaka 1890 ilikikuta chombo hiki tayari, nayo ikakitwaa. Waingereza walipenda utawala wa ngazi, kila ngazi na mtu mmoja wa kuulizwa. Kwa hivyo akawepo mkuu wa wilaya, chini yake mudiri, na chini ya mudiri sheha. Katika ngazi hiyo watu wanne hawakuwa na pa kukaa. Hapakutolewa amri ya kuwafuta, walipitwa tu. Barua hazikuandikwa kwao. Shauri lililokuwa lao likaanza kupelekwa kwa sheha, kwa sababu sheha ndiye aliyejulikana ofisini. Taratibu ule mlango wa ndani ukaota kutu, na watu wakajifunza kubisha mlango mmoja tu, mlango uliotazama nje.

Hasara ya hayo ilidhihirika mwaka 1951 huko Kiembe Samaki. Wafugaji wa hapo walikwishaumizwa na kuchukuliwa ardhi kwa ajili ya kiwanja cha ndege. Serikali ilipoleta amri ya kuwachoma sindano ng'ombe dhidi ya kimeta, walikataa. Kwa mganga wa mifugo lilikuwa jambo la tiba. Kwa wenye ng'ombe lilikuwa ni amri nyengine kutoka kwa watu waliokwisha kuonekana si wa kuaminika. Waliokataa walishtakiwa na kufungwa. Mnamo tarehe 30 Julai umati ukataka kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Wenyeji wanayakumbuka mambo hayo kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Ngazi yote ya utawala ilikuwepo siku hiyo, kutoka juu mpaka chini, na kila ngazi ilijua kuteremsha amri. Iliyokosekana ni njia ya kupandisha neno la wafugaji kabla halijawa jiwe mkononi. Haikuwa ajabu kwamba kutoka huko shamba ndiko kulikochipuka chama kilichoitwa Hizbu ya raia wa Sultani, ambacho mwaka 1955 kiligeuka kuwa chama cha Hizbu kinachojulikana zaidi. Watu walikuwa wakitafuta mlango.

Walichokipata ni vyama, na vyama vilikuja na moto wake. Miaka baina ya uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 na uhuru wa Disemba 1963 huitwa na wazee Zama za Siasa, na ukilisikia jina hilo likitamkwa utadhani linatajwa gonjwa. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokaa humo, kwa kuwa walikuwa wa chama chengine. Duka la jirani lilisuswa. Watu wa mji mmoja waliacha kuzikana na kusomeana khitma. Katika ghasia za Juni 1961 waliuawa watu 68. Katika hali hiyo asingeweza kubaki mzee wa wote. Shauri lolote, hata la kisima, liliulizwa kwanza ni la chama gani.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, mudiri na sheha waliondoka pamoja na dola iliyowaweka. Tawi la Afro-Shirazi likashika nafasi yao, na baada ya vyama kuungana mwaka 1977 likawa tawi la Chama cha Mapinduzi. Ujumbe wa Mapinduzi ulikuwa kwamba sasa watu wanajitawala wenyewe, na wako waliouona ukweli wa maneno hayo katika eka tatu walizopewa na skuli walizofunguliwa watoto wao. Lakini katika jambo hili moja njia haikubadilika. Katibu wa tawi naye alikuwa masikio ya mkubwa mjini, na mwenye shida alikwenda kwake akiwa na kadi mkononi.

Mfumo wa vyama vingi ulipokubaliwa mwaka 1992 ilibidi serikali itengane na tawi, walau kwa maandishi, na hapo sheha akafufuliwa. Sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1998 ilimpa Mkuu wa Mkoa mamlaka ya kumteua, kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya. Limewekwa pia Baraza la Ushauri la Shehia, na jina lake lenyewe linaeleza mpaka wa uwezo wake. Sheha huyu mpya alikabidhiwa jambo ambalo sheha wa Dunga hakuwa nalo: kuthibitisha nani ni mkaazi. Kwa kuwa sheria ya uchaguzi ilidai mpiga kura awe ameishi jimboni kwa muda maalumu, na kwa kuwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 kilihitaji maneno ya sheha, mhuri mdogo wa shehia ukawa na uzito katika kura ya kuchagua Rais. Malalamiko ya walionyimwa barua yalisikika katika uandikishaji wa 2005, yakasikika tena baadaye, na wachunguzi wa uchaguzi waliyaandika.

Wakubwa wamepatana zaidi ya mara moja. Muafaka ulitiwa saini mwaka 1999 na mwengine mwaka 2001, baada ya damu iliyomwagika Januari ya mwaka huo. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilileta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na viti vya juu vikagawanywa. Lakini mapatano hayo yote yalikomea ghorofani. Katika shehia aliyeteua aliendelea kuteua, na mwenye kunyimwa barua hakuona tafauti ya Makamu wa kwanza na wa pili. Ng'ambo ya mkondo, Tanganyika, wenyeviti wa vijiji na mitaa hupigiwa kura, na ingawa chaguzi hizo zina lawama zake nyingi, walau mwananchi wa huko anajua siku ya kumwambia mwenyekiti wake kwamba imetosha.

Ni haki kusema pia neno la kumtetea sheha. Anaamshwa usiku kwa ugomvi wa mume na mke, anatumwa na kila idara, na ndiye anayetukanwa kwa uamuzi alioufanya mwengine. Kumtukana ni rahisi kwa sababu yupo karibu. Lakini anayemtaka awe mtu wa mji anamdai deni asilolikopa. Sheha alikuwa mjumbe wa mkubwa enzi za Mwinyi Mkuu, na ni mjumbe wa mkubwa leo. Dola yoyote itahitaji mjumbe. Swali ambalo visiwa vimelikwepa kwa zaidi ya karne moja ni jengine: nani anakaa kwenye mlango wa ndani?

Kila Julai, huko Makunduchi, wavyale huongoza Mwaka Kogwa. Pande mbili za mji huchapana kwa migomba na kutoleana ya moyoni, kibanda cha makuti huchomwa moto, na mwaka mpya huanza. Viongozi wa serikali hualikwa, hukaa mbele, na hutazama. Hapana anayeuliza wavyale wameteuliwa na nani. Ikiwa mji unaweza mpaka hii leo kuwatambua wenyewe watu wa kuufungulia mwaka, basi hoja kwamba haujapevuka kuwatambua watu wa kuusemea inahitaji kuelezwa upya na wenye kuishikilia.