Hamira Iliyopita Tarehe: Usiitupe, Usiiamini, Ijaribu Kwanza

Katika vitu vyote vinavyoingia kwenye mahamri, hamira ndiyo ya bei ndogo kabisa, na ndiyo yenye uwezo wa kuviharibu vingine vyote. Unga wa ngano umepanda bei, sukari kadhalika, nazi ndiyo usiseme. Ukishavichanganya na hamira iliyokufa, hakuna cha kurudisha dukani.

Kwa anayepikia watoto wake, hasara hiyo ni ya asubuhi moja. Kwa mama anayekaanga mahamri ya kuuza, ni jambo jingine. Yeye hukanda usiku, akaamka saa kumi alfajiri kukata na kukaanga. Akifunua sufuria akakuta unga umelala vile vile alivyouacha, mteja wa saa kumi na mbili hatamngoja. Ramadhani ndiyo usiseme, mikate ya sinia na kaimati vinatakiwa vyote kabla ya magharibi.

Swali linaloulizwa sana ni hili: pakiti ya hamira ikipita tarehe yake, itupwe au itumike? Jibu fupi ni kwamba tarehe haitoshi kukuambia. Kuna hamira iliyopita tarehe na bado ina nguvu, na kuna ambayo tarehe yake ingali mbali na imeshakufa.

Hamira ni kitu kilicho hai

Hamira si dawa kama beking pauda. Ni viumbe vidogo vya jamii ya kuvu, visivyoonekana kwa macho matupu, na gramu moja ina mabilioni yao. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1850 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Hamira hula sukari, ikatoa hewa ya kaboni na kileo kidogo. Hewa ndiyo inayonaswa ndani ya unga na kuuumua. Kileo huondoka karibu chote kwa moto wa mafuta au wa oveni.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nalo lina asili moja na khamri. Wapo wanaotiwa wasiwasi na undugu huo, lakini mkate wa hamira umeliwa majumbani mwa Waislamu karne na karne, na haulevyi.

Hamira kavu tunayonunua ni viumbe waliokaushwa wakalala usingizi. Wakiwa wamelala hawali, na ndiyo maana pakiti ambayo haijafunguliwa huweza kukaa hata miaka miwili. Hamira mbichi, ile laini ya kipande inayotumiwa zaidi na viwanda vya mikate, ina maji ndani yake, basi hudumu wiki mbili tatu tu kwenye friji. Ile ya majimaji wanayotumia watengenezaji pombe huko Ulaya na Marekani nayo hupungua nguvu mwezi baada ya mwezi hata ikiwa kwenye baridi. Kanuni ni moja kwa zote: kadiri hamira inavyokuwa na maji, ndivyo inavyochoka haraka.

Tarehe inasema nini

Tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti ni ahadi ya kiwanda kwamba hadi siku hiyo, ikihifadhiwa vizuri, hamira itafanya kazi yake sawasawa. Hamira kavu haigeuki sumu siku inayofuata. Inachopoteza ni nguvu, kidogo kidogo, kadiri viumbe wake wanavyozidi kufa.

Neno la kuzingatia hapo ni "ikihifadhiwa vizuri". Joto na unyevu ndio maadui wakubwa wa hamira, na pwani yetu haina upungufu wa vyote viwili. Kasha lililokaa juani au kwenye stoo ya mabati laweza kufa kabla ya tarehe. Ikiwa pakiti imevimba, imetoboka, au hamira ndani imegandamana na kunuka uvundo, hiyo itupe bila kuuliza zaidi.

Jaribio la dakika kumi

Chukua nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Tonesha kwenye kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto: uhisi uvuguvugu, usiungue. Kwa wenye kipimo, ni kati ya nyuzi 35 na 40 za selisiasi. Koroga kijiko kimoja cha chai cha sukari, kisha nyunyiza vijiko viwili vya chai na robo vya hamira, yaani karibu gramu 7. Usitie chumvi. Funika, ngoja dakika kumi.

Povu likipanda na kukaribia kujaza kikombe, hamira iko hai. Endelea kukanda kama kawaida, hata kama tarehe imepita. Maji yale usiyamwage, yahesabu ndani ya kipimo chako cha maji au tui.

Povu likiwa jembamba, la hapa na pale, hamira imechoka.

Maji yakibaki yametulia na hamira imezama chini, imekufa. Itupe, na shukuru kwamba umepoteza kijiko cha sukari, si kilo mbili za unga.

Hamira iliyochoka

Hii yaweza kutumika kwa saburi. Kilo moja ya unga kwa kawaida yatosha kijiko kimoja cha chakula cha hamira. Kwa iliyochoka, ongeza nusu yake, na uupe unga muda mrefu zaidi. Angalia unga, si saa: ukiongezeka maradufu ndiyo tayari.

Lakini usifikiri kwamba hamira mfu ukiijaza vijiko vitano itafanya kazi ya kijiko kimoja kizima. Hamira iliyokufa hutoa kitu kinacholegeza unga, ukawa unanata na kutandaa badala ya kusimama, na harufu yake hufunika hata iliki. Na kama unapika kwa biashara au una wageni, usibahatishe. Nunua mpya.

Unga umeshakandwa na hauumuki

Usiumwage. Amsha hamira mpya kwa maji kidogo ya vuguvugu na sukari, ikishatoa povu changanya na unga mkavu kiasi upate ujiuji mzito, kisha ukande ndani ya donge lako mpaka vishikane kabisa. Funika uanze kuhesabu upya. Na kama hakuna hamira nyingine nyumbani, sukuma chapati. Zitakuwa tamu kidogo kwa sababu ya sukari na tui, na watoto hawatalalamika.

Si kila kosa ni la hamira

Mara nyingi hamira husingiziwa. Tui lililotoka motoni huiua. Ikifika nyuzi 60 hakuna kinachobaki hai. Tui lililotoka kwenye friji huichelewesha. Chumvi ikimwagwa juu yake moja kwa moja huidhoofisha. Na sukari nyingi, ambayo ndiyo tabia ya mahamri yetu, huvuta maji kutoka kwa hamira na kuifanya izubae, ndiyo maana unga wa mahamri huchukua muda kuliko wa mkate mkavu.

Namna ya kuihifadhi

Ukifungua pakiti, hamisha hamira kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, uiweke kwenye friji. Hapo itakaa kama miezi minne. Chota kwa kijiko kikavu, funga mara moja, na uandike tarehe uliyofungua. Asiye na friji anunue vipakiti vidogo vya kutumika mara moja. Kopo kubwa ni rahisi kwa hesabu ya duka, lakini nusu yake ikifia kabatini, rahisi imekuwa ghali.

Hamira ya kupimiwa kutoka kopo lililo wazi dukani jihadhari nayo. Hujui lilifunguliwa lini, na hakuna tarehe ya kusoma.

Wenye maduka nao wasijifiche nyuma ya mteja asiyesoma pakiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kufaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Kuisukuma hamira ya mwaka juzi kwa mama wa mahamri wiki ya kwanza ya Ramadhani ni kumla mtaji wake. Basi dai risiti, soma tarehe kabla hujalipa, na ukifika nyumbani tia hamira kwenye kikombe kabla hujaitia kwenye unga.