Kutoka reli ya Kabalo hadi WhatsApp

Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika Albertville, leo Kalemie, na barua zikapata njia ya haraka. Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza kutangaza, Kiswahili kikiwemo. Kisha WhatsApp na Facebook zikawaletea waandishi wa Kongo wasomaji wengi.

Lakini tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti kwa karibu majuma matatu. Intaneti iliporudi Januari 2019, habari za Facebook zilikuwa zimepitwa. Barua pepe ilimngoja mwenyewe.

Ndiyo maana mwandishi mwerevu hutumia WhatsApp kuwaita wasomaji, kisha huwaomba anwani zao. Mtandao ni njia ya mwenzako. Orodha ya anwani ni yako.