Lawama za Dereva: Historia Fupi ya Basi la Chuo na Kompyuta

Wanachama wenzangu, nani kati yetu hajayaona haya? Umesimama kituoni kwenye baridi dakika 20 bila basi, kisha yanakuja mawili kwa pamoja. La kwanza limejaa hadi mlangoni, la pili karibu tupu. Sisi humlaumu dereva. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi tunamwonea.

Mwaka 1964 watafiti G. F. Newell na R. B. Potts walieleza jambo hili kwa hesabu. Basi likichelewa kidogo, hukuta abiria wengi zaidi kituoni. Kuwapakia huchukua muda, hivyo huzidi kuchelewa. Linalofuata hukuta abiria wachache, huenda upesi, na mwishowe hulifikia la mbele. Hakuna aliyefanya kosa.

Lakini kampasi halisi ina mengi: madarasa yanayotoka saa moja, taa za barabarani, theluji. Miaka hiyohiyo, mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wakiunda Simula, lugha ya kompyuta ya kuigia shughuli za namna hiyo. Kwa uigaji, mpangaji anaweza kujaribu ratiba mara elfu moja kabla ya kumwacha mwanafunzi hata mmoja njiani.

Hata hivyo, kompyuta hujibu swali iliyoulizwa tu. Tuseme mabasi 6 hupita kwa saa. Yakipita moja kila dakika 10, anayefika kituoni wakati wowote hungoja wastani wa dakika 5. Yakipita mawili mawili kila dakika 20, hungoja dakika 10. Ukihesabu mabasi, huduma ni ileile. Ukihesabu muda wa watu, imeharibika maradufu.

Mwaka 2012 John Bartholdi na Donald Eisenstein walichapisha njia iliyojaribiwa kwenye basi la chuo cha Georgia Tech, Atlanta. Waliacha ratiba kabisa. Basi likifika mwisho wa safari husubiri kidogo kulingana na lililo nyuma yake: likiwa mbali, husubiri zaidi, likiwa karibu, huondoka mapema. Taratibu nafasi kati ya mabasi hujisawazisha zenyewe, bila dereva kukemewa. Wahenga walikwisha sema, haraka haraka haina baraka.

Kwetu hili si suala la hisabati tu. Mwenye gari haumizwi na basi lililochelewa. Anayeumia ni yule anayetoka kazini usiku, au mwenye mtihani asubuhi. Basi tukiulizwa maoni kuhusu usafiri wa chuo, tusiishie kuomba mabasi zaidi wala kuwashtaki madereva. Tuulize: katika hesabu zenu, mmehesabu mabasi, au mmetuhesabu sisi tunaongoja?