Bata wa Mto Lualaba: Jina, Ngozi na Picha katika Utambuzi wa Ndege wa Maniema ya Kusini

1. Utangulizi

Neno bata, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, hutumiwa na wasemaji wengi bila kufikiriwa. Pwani na bara, bata ni ndege wa uani. Akitakiwa kutofautishwa na wenziwe, huongezewa neno la pili: bata bukini ni yule mkubwa mwenye shingo ndefu, na Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska, bata mzinga ni ndege wa asili ya Amerika ambaye kwa hakika si bata hata kidogo. Hivyo istilahi hii ilikua kwa kufuata njia za biashara, si kwa kuchunguza maumbile ya ndege.

Kasoro hiyo hudhihirika zaidi mtu anaposimama kwenye kingo za Lualaba karibu na Kasongo, au za Luama katika eneo la Kabambare, akiwa na kamera mkononi. Ndege atampiga picha, lakini atamwitaje? Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba historia ya kuwatambua wanyama wa sehemu hizi imepitia hatua tatu, yaani mchoro, ngozi na picha, na kwamba katika kila hatua jina la mwenyeji ndilo lililoamua kama utambuzi utasimama au utapotea.

2. Bata waliopo

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa kueleza ni ndege gani wanaozungumziwa. Katika mito ya msituni ya Kongo huishi bata mwenye mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva na kichwa cheusi. Wataalamu humwita Pteronetta hartlaubii, jina alilopewa katika karne ya 19 na John Cassin wa Philadelphia kwa heshima ya Gustav Hartlaub, daktari wa Bremen. Baadhi yao wana baka jeupe kwenye paji la uso na wengine hawana, kwa hiyo picha moja haitoshi kueleza aina nzima.

Penye maji yaliyotulia na mayungiyungi hupatikana bata mdogo kuliko wote wa Afrika, Nettapus auritus. Kwenye mabwawa na tambarare za mafuriko hutua Plectropterus gambensis, ndege mkubwa mwenye mwiba kwenye kiungo cha bawa, na Alopochen aegyptiaca, mwenye duara la kahawia kuzunguka jicho. Hawa wawili huitwa bata bukini na watu wengi kwa sababu ya ukubwa wao, ingawa wataalamu hawawaweki katika ukoo mmoja na bata bukini wa Ulaya.

Ama yule ndege mweupe wa Ulaya mwenye shingo ndefu iliyopinda, ambaye kamusi humwita bata maji, hana asili katika Afrika ya kitropiki. Ajabu ni kwamba jina lake limefika. Bata mwenye uso mweupe anayelia kwa mluzi huitwa Dendrocygna viduata, na sehemu ya kwanza ya jina hilo imeundwa kwa Kigiriki na Kilatini ikiwa na maana ya bata maji wa mitini. Alopochen nalo, kwa Kigiriki, ni bata bukini wa mbweha. Ni dhahiri kwamba majina ya kitaalamu hayana hadhi ya pekee: nayo ni sitiari za watu waliotazama rangi, sauti na mwenendo, kama afanyavyo mvuvi yeyote.

3. Mchoro: Kabambare, 1870

Mfano wa kwanza unaofaa kuangaliwa haumhusu bata, bali mnyama mwingine wa huko huko. David Livingstone aliingia Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mnamo Septemba 1869, akiwa katika njia za wafanyabiashara waliotoka Ujiji. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimzuia hapo kwa miezi mingi, na hakuondoka hadi Februari 1871. Katika shajara zake alieleza kwa kirefu mnyama wa msituni aliyefanana na mtu, akamwandika kwa jina alilolisikia: soko.

Shajara hizo zilipochapishwa London mwaka 1874, zilitiwa michoro ya soko. Wasomaji walibishana: je, huyu ni sokwe au ni gorila? Mchoro haukuweza kuumaliza ubishi huo. Hata hivyo jina lilibaki, na mtu aliyetaka kujua ukweli aliweza kurudi Maniema na kuuliza kwa jina hilo. Si vigumu kuona jinsi linavyofanana na sokwe wa Kiswahili Sanifu. Bata wa Luama hawakupata bahati hiyo.

4. Ngozi: kutoka Ituri hadi Tervuren

Hatua ya pili ilikuwa ya kuua, kukausha na kusafirisha. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin waliongoza msafara wa Makumbusho ya Historia Asilia ya New York kaskazini-mashariki mwa Kongo. Lang alirudi na picha zinazokaribia 10,000. Chapin alikusanya maelfu ya ndege, na baadaye akaandika juzuu nne kuhusu ndege wa Kongo ya Wabelgiji, zilizotoka kati ya 1932 na 1954.

Mwaka 1913, huko Ituri, Chapin aliona katika kofia ya mwenyeji unyoya ambao hakuweza kuutambua. Aliuhifadhi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa, wenye unyoya kama ule, wamewekwa pembeni na kuandikiwa kuwa ni tausi wa kawaida. Walikuwa ni tausi wa Kongo, Afropavo congensis, ambaye hupatikana pia katika misitu ya Maniema.

Tukio hili kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa mtaalamu mmoja. Laweza pia kusomwa kwa namna nyingine. Ndege hao walikuwa wamekwisha kufika Ulaya. Kilichokosekana ni maelezo sahihi. Wakati huohuo, mtu aliyevaa unyoya ule alijua umetoka wapi. Ngozi bila ya jina ilidanganya makumbusho nzima kwa miaka mingi.

5. Picha

Hatua ya tatu yaweza kuonyeshwa kwa bundi wa milima ya Itombwe, kaskazini-mashariki mwa Kabambare. Alijulikana kwa ngozi moja tu iliyopatikana mwaka 1951. Wa pili alinaswa kwa wavu mwaka 1996, akapigwa picha, kisha akaachiliwa. Picha ilichukua nafasi ya ngozi, na ndege akabaki hai.

Kwa bata manufaa ya picha ni makubwa zaidi, kwani wengi hutambuliwa wakiwa angani: weupe wa bawa, urefu wa shingo, namna miguu inavyonyooka nyuma ya mkia. Lakini picha haina sauti. Mluzi wa Dendrocygna haumo ndani yake, wala saa ambayo kundi huondoka mtoni kwenda malishoni. Aidha, vita vilivyoanza 1996 na 1998, na vikundi vyenye silaha vilivyoendelea baadaye, vilikatiza utafiti mara nyingi katika Kabambare. Penye hofu ya namna hiyo mwenye kamera hupita haraka, na ujuzi hubaki kwa wanaoishi mtoni.

6. Hitimisho

Ujuzi huo umo katika lugha za Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wavuvi Wagenya, na katika Kingwana, Kiswahili cha huko, ambacho ndege hukiita ndeke na maji hukiita mayi. Tofauti ambazo Kiswahili Sanifu huzifunika kwa neno bata huenda zimehifadhiwa humo, lakini kwa vinywa tu. Kila mzee anayefariki huondoka na sehemu yake.

Kwa hiyo kila picha ya bata inayopigwa Maniema yapasa kuambatana na tarehe, mahali, maelezo ya mlio, na jina lililotolewa na mwenyeji katika lugha yake, pamoja na maana ya jina hilo. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yaweza kufanywa na mwanafunzi mwenye simu na daftari. Bila hiyo, picha za leo zitakuwa kama ndege wale wawili wa Tervuren: zimehifadhiwa vizuri, zikisubiri mtu wa kuzisoma.